Usilizime

Miezi saba tuliishi kwa neno hilo moja,
mimi na Ndetaulwa, utingo wangu:
usilizime.

Lori lenyewe Isuzu, umri wake na wangu unakaribiana,
bluu iliyopauka kama kanga ya kuipulia sufuria.
Ufunguo ulicheza ndani ya swichi
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.
Unazungusha, taa nyekundu zinakukodolea macho.
Unazungusha tena:
tk.
Basi. Kama msonyo wa mtu asiyetaka kuulizwa.

Nikanunua betri. Tk.
Nikanunua ya pili, ya dukani, yenye risiti. Tk.
Nikauza mbuzi wawili, ikafungwa starta nyingine;
siku tatu tukatamba, ya nne, pale mizani ya Njia Panda,
foleni inapiga honi nyuma yetu,
tk.
Vijana wakatusukuma, ndiyo, kwa elfu kumi
na kwa maneno ambayo hayakuwemo kwenye bei.

Basi likishashika alfajiri, kule Mwika,
tuliutunza ule mngurumo
kama kaa la moto lililoombwa kwa jirani.
Tunapakia mshare, linanguruma.
Bomang'ombe tunakula, mmoja mezani, mmoja kwenye usukani,
kisha tunapokezana sahani.
Arusha, sokoni Kilombero, wachuuzi wanapiga kelele za bei
juu ya kelele zetu,
na faida inatoka polepole, nyeusi,
kwenye bomba la moshi.

Hata siku ya mama.
Lori ndilo lililobeba viti, na turubai, na yeye mwenyewe.
Niliegesha kando ya migomba, linanguruma.
Mchungaji alipofika kwenye mavumbi
akanyamaza, akatazama barabarani.
Watu wote wakatazama barabarani.
Mimi nikatazama viatu vyangu.
Dada yangu Aikande akaninong'oneza: "Lizime, jamani."
Sikulizima.
Kesho yake saa kumi alfajiri nilikuwa nimeshapita Kiborloni
na mikungu mia na ishirini.

Kisaka wa Pasua ni kijana wa kaptula, gereji yake haina hata kibao.
Hakufungua boneti.
Alipanda, akakaa kwenye kiti changu,
akatikisa ufunguo, akasikiliza
kama anayemsikiliza mtoto anayedanganya.
"Nani alikwambia starta?"
Bisibisi, skrubu tatu, kifuniko cha chini ya usukani;
akaichomoa swichi, akaipasua, akaniwekea kiganjani
kipande cha shaba, kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho,
kimeungua upande mmoja.
"Umeme unafika mlangoni," akasema,
"unakosa wa kuufungulia."

Elfu thelathini na tano, na soda yake.
Akafunga mpya. Likashika mara moja, bila kubembelezwa.
Kisha akasema: "Zima."

Mkono ukagoma.
Ndetaulwa, huko chini, akaropoka kwa mazoea: "Usili—"
akajiziba mdomo.

Nikazima.

Sikujua Pasua ina ndege.
Nyuma ya ukuta mtu alikuwa anasugua sufuria kwa mchanga,
mtoto anasoma kwa sauti, ba, be, bi,
anakosea, anarudia.
Viganja vyangu vilikuwa bado vinatetemeka
mtetemo wa injini ambayo haipo.
Na chini ya boneti chuma kikaanza kupoa:
tk.

Tk.

"Washa tena tuhakikishe," Kisaka akasema.
Nikamwambia angoje.
Nikamwambia mama yangu tulimzika mwezi wa sita,
kana kwamba ameuliza.